Zile Blanketi Zilifika?

Maandiko ya kusoma: 2 Wakorintho 8:1-21, 1 Wakorintho 16:1-4, 2 Wafalme 12:4-15

Wazo kuu: Kutoa ni upendo. Kueleza kilichotolewa kilienda wapi ni sehemu ya upendo huo huo.

Somo la wiki hii ni la kutoa, lakini usishike mkoba kwa nguvu, leo sichangishi. Nataka tuangalie kile kinachotokea baada ya sadaka kutoka mkononi mwako. Hapo ndipo wengi wetu, na mimi nikiwa wa kwanza, tumeteleza.

Mnakumbuka mwisho wa Aprili 2024. Usiku wa kuamkia tarehe 29, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli kule Mai Mahiu yalipasua njia na kubeba nyumba, magari na watu. Zaidi ya watu 40 walikufa. Hiyo ni kaunti yetu, na tulikuwa bado hatujasahau bwawa la Solai lililopasuka tarehe 9 Mei 2018. Kwa hivyo Jumapili iliyofuata hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Watu walileta unga, sufuria, nguo na blanketi. Wengine walituma pesa kwa simu ya ndugu mmoja aliyejitolea kupokea. Lori likajaa, likaombewa, likaondoka.

Wiki kadhaa baadaye, baada ya ibada, shosho mmoja anayeuza mboga sokoni alinishika mkono mlangoni. Akaniuliza, "Pasta, mwanangu, zile blanketi zilifika?"

Nikamjibu haraka, "Zilifika, shosho. Mungu akubariki."

Akaniangalia. "Zilikuwa ngapi?"

Sikujua. Nikamwambia nitauliza. Nilipiga simu kwa watu watatu. Wa kwanza akaniambia blanketi 60. Wa pili akasema hazikuzidi 45. Wa tatu akasema yeye alishughulika na unga tu. Na pesa za simu? Ndugu yule alinunua mafuta ya lori, akanunua maji ya chupa, risiti zingine zilipotea. Siamini kuna mtu aliyeiba. Shida ni kwamba siwezi kukuonyesha kwamba hakuna aliyeiba, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Nilirudi kwa shosho nikamwambia ukweli. Hakukasirika. Alisema, "Sikuuliza kwa ubaya. Nilitaka tu kujua kama niombe nikishukuru ama niombe nikingoja."

Neno hilo limenisumbua mpaka leo. Mimi nilisomea biashara chuoni. Nilifundishwa kwamba pesa ya watu haichanganywi na nyingine, na haiingii wala kutoka bila karatasi. Lakini nilipofika kanisani nilidhani maombi yatafanya kazi ya daftari. Hayafanyi, kwa sababu Mungu alitupa vyote viwili.

Majirani wanaotufundisha

Hebu tujifunze kidogo kwa majirani. Hapa Nakuru kuna watu wa klabu za huduma kama Rotary. Umewaona kwenye kambi za matibabu ama wakipanda miti. Klabu ya kwanza ya Rotary ilianza Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Ilianzishwa na wakili anayeitwa Paul Harris pamoja na marafiki watatu. Jina lilitokana na desturi yao ya kuzunguka, leo wanakutana katika ofisi ya huyu, wiki ijayo ya yule. Mojawapo ya kazi zao za kwanza kwa jamii ilikuwa kusaidia kupatikana kwa vyoo vya umma mjini mwao. Hawakuona haya kuanza na choo! Huku Afrika Mashariki, klabu ya kwanza ilianzishwa Nairobi mwaka wa 1930.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Pasta, hao si Freemason?" Hapana. Rotary si dini wala si chama cha viapo vya siri. Mna Wakristo, Waislamu, Wahindu na wengine. Hatuwatafuti watupe wokovu, wokovu uko kwa Yesu peke yake. Lakini Bwana wetu mwenyewe alimtumia Msamaria kuwafundisha watu wa hekalu maana ya jirani (Luka 10). Basi tusione aibu kujifunza utaratibu kwa jirani. Na tukichunguza vizuri, tutaona utaratibu huo ulikuwa katika Biblia yetu muda wote.

1. Huduma iwe na siku yake

Kwa miaka mingi desturi ya klabu hizi imekuwa kukutana kila wiki, siku ile ile, saa ile ile. Mwanachama anatarajiwa kufika. Hawangoji mafuriko ndio waitane. Mafuriko yakija, yanakuta watu wanaojuana, wanaojua nani ana lori na nani ni daktari.

Soma 1 Wakorintho 16:2. Paulo anawaagiza waumini kila mmoja aweke kitu kando siku ya kwanza ya wiki, kadiri alivyofanikiwa, ili michango isianze kutafutwa siku atakayofika. Kwa maneno mengine, hakutaka harambee ya jasho. Sisi tunapenda ile ya kusukumwa, mchungaji anaita, "Nani ana elfu kumi?" na mtu anatoa kwa sababu jirani anamtazama. Mungu anaweza kuitumia hata hiyo. Lakini shilingi 50 inayowekwa kila Jumapili kwa ajili ya wenye shida ni shilingi 2,600 kwa mwaka, na haikuumiza mtu. Washirika 100 wakifanya hivyo ni shilingi 260,000. Mvua kubwa ikija, tutakuwa tayari.

2. Ahadi imalizwe

Wakorintho walikuwa wepesi wa kuahidi. Ukisoma 2 Wakorintho 8:10-11 utaona walianza mwaka uliotangulia, na sasa Paulo anawaomba wamalize walichoanza. Nia ilikuwepo. Kumaliza ndiko kulikochelewa. Je, si ndio sisi? Kadi ngapi za michango ziko ndani ya Biblia zetu zikiwa zimeandikwa ahadi ya mwaka jana?

Tazama jambo moja ambalo Rotary walilishikilia. Mwaka wa 1985 walianza mpango mkubwa wa kupigana na polio duniani. Mwaka wa 1988 Shirika la Afya Duniani na wengine wakaungana nao, wakati ambapo watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipoozwa kila mwaka. Ilikuwa kazi ya matone mdomoni, mtoto kwa mtoto, nyumba kwa nyumba. Wakenya wengi mnawajua wahudumu wanaogonga mlango na kupaka kidole cha mtoto wino. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio. Kutoka 1985 hadi 2020 ni miaka 35! Baadhi ya waliotoa mchango wa kwanza walizikwa kabla ya kuona siku hiyo. Na ulimwenguni kazi bado haijaisha, bado wanaendelea.

Uongozi wa klabu hubadilika kila mwaka, tarehe 1 Julai rais mpya anashika kazi. Kazi haikufa kwa sababu mtu ametoka ofisini. Kanisani mambo mengi hufa mwenyekiti wa kamati akihama mtaa, kwa sababu kila kitu kilikuwa kichwani mwake na kwenye simu yake.

3. Pesa iangaliwe na zaidi ya mtu mmoja

Sasa tufike kwa blanketi. Katika 2 Wakorintho 8:18-21 Paulo anabeba mchango wa maskini wa Yerusalemu. Ni mtume, ameona maono, amepigwa mawe kwa ajili ya Injili. Angeweza kusema, "Niaminini." Badala yake anamtuma Tito pamoja na ndugu wengine wanaosifiwa na makanisa, na mmoja wao amechaguliwa na makanisa yenyewe. Sababu anaitoa wazi: hataki mtu apate nafasi ya kuwalaumu juu ya pesa hizo nyingi, na anajali lililo sawa mbele za Bwana na pia mbele za watu. Ukisema, "Mungu anajua moyo wangu," umetimiza nusu ya mstari. Shosho hauoni moyo wako. Anahitaji kuona orodha.

Nenda pia 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliagiza pesa za sadaka zitengeneze hekalu. Mpaka mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa zilikuwa pale pale. Maandiko hayasemi makuhani walikula pesa. Yanasema tu kazi haikufanyika. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kifunikoni, akaliweka kando ya madhabahu. Lilipojaa, waliohesabu walikuwa wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Pesa zikapewa wasimamizi, wakalipa maseremala na waashi. Na mstari wa 13 unaongeza kwamba hazikutumiwa kutengeneza vyombo vya fedha na dhahabu. Pesa za ukarabati zilikaa za ukarabati. Klabu nyingi nazo hufanya hivyo: michango ya umma ina akaunti yake, na chakula cha mkutano wanachama wanajilipia.

Mtu atauliza, "Lakini mstari wa 15 unasema wasimamizi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu." Ni kweli. Ila angalia mstari huo umekuja baada ya nini. Umekuja baada ya sanduku, baada ya watu wawili kuhesabu pamoja, baada ya kazi kuonekana kwa macho. Uaminifu wao ulikuwa umeshajulikana. Sisi tunataka kuanzia mstari wa 15 bila kupitia mstari wa 9.

Tutafanya nini?

Nimewaeleza wazee wa kanisa habari ya shosho, na tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, mfuko wa wenye shida utakuwa na sanduku lake na akaunti yake, na hakuna tena kutuma kwa simu ya mtu binafsi, hata yangu. Pili, kila mara watahesabu watu wawili wasio wa nyumba moja, na wote watatia sahihi. Tatu, kila kitu kikitoka, karatasi itabandikwa mlangoni: nini kilitoka, kiasi gani, kilipokelewa wapi na nani wetu aliyekishuhudia. Majina ya waliosaidiwa hatutayabandika. Maskini ana heshima yake, na hesabu isiwe njia ya kumwanika.

Na wewe usiyeshika pesa, una kazi. Uliza. Kuuliza si kukosa imani, wala si roho ya upinzani. Aliyeuliza habari za blanketi alikuwa ndiye aliyetoa blanketi, na bado anaziombea. Uliza kwa upole kama alivyouliza yeye, kisha ujitolee uwe mmoja wa wale wawili wa kuhesabu.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni ahadi gani ya mchango uliyoitoa ambayo haijakamilika? Utaimaliza lini, ama utamweleza nani kwamba umeshindwa?
2. Kwa nini Paulo hakutosheka na kuwa safi mbele za Mungu peke yake?
3. Katika kikundi chenu, nani mwenye shida mnamjua leo, kabla hata ya mvua kunyesha? Amueni siku ya kumtembelea na nani atakwenda.
4. Ikiwa wewe ni mweka hazina wa chama, wa shule ama wa mazishi, kuna swali gani unaogopa kuulizwa?

Maombi

Baba, asante kwa mikono inayotoa katika nyumba hii. Tusamehe pale tulipopokea kwa furaha na kutunza kwa uzembe. Wakumbuke waliopoteza watu wao Mai Mahiu na Solai. Tupe uaminifu katika lililo dogo, hata katika kuhesabu blanketi, ili anayetoa aombe akishukuru, na anayepokea alitukuze jina lako. Katika jina la Yesu, Amina.