Kutu Chini ya Puti: Swali la Kemia Kutoka Gereji

Soma swali hili, kisha funika ukurasa na ulijibu kwenye daftari kabla hujaendelea.

Swali. Fundi wa bodi alikuta bati la mlango wa gari limeingia kutu na kuchimbika vishimo. Alifuta vumbi, akapaka puti juu yake, akapiga msasa na kumalizia kwa rangi. Baada ya miezi michache rangi ilivimba na puti ikabanduka.
(a) Taja vitu viwili vya lazima ili chuma kipate kutu. (alama 2)
(b) Eleza kwa nini puti ilibanduka. (alama 4)
(c) Eleza namna fundi alivyopaswa kulitayarisha bati hilo. (alama 4)

Kipengele (a) ni alama za bure. Kumbuka jaribio la misumari: uliowekwa kwenye hewa kavu haukupata kutu, uliozamishwa kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta haukupata pia. Uliopata ni ule wenye oksijeni na maji kwa pamoja. Andika "oksijeni", usiandike "hewa" ukaishia hapo. Chumvi si hitaji la lazima. Inaharakisha tu, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Ndiyo maana gari linalolala karibu na bahari pale Tanga huliwa mapema kuliko la Dodoma.

Kipengele (b) ndicho kinachowaangusha wengi. Mwanafunzi anaandika "puti ilikuwa feki". Huenda ni kweli, lakini hiyo si kemia. Anza hivi: kutu ni tabaka legelege lisiloshikamana vizuri na chuma, kwa hiyo puti ilishika kutu, haikushika bati. Kutu ina vinyweleo vinavyotunza unyevu, na puti yenyewe hunyonya maji. Kwa hiyo maji na oksijeni viliendelea kukifikia chuma. Kutu mpya huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi ilisukumwa ikavimba.

Sasa vile vishimo. Chini ya kishimo oksijeni ni haba kuliko ukingoni, na wengi hudhani hapo chuma kitapona. Mambo ni kinyume. Sehemu yenye oksijeni haba inakuwa anodi, na chuma chake ndicho kinachopoteza elektroni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Elektroni hizo hupita ndani ya bati hadi ukingoni, penye oksijeni ya kutosha, ambapo ni kathodi:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Ioni za pande mbili zikikutana hutengeneza Fe(OH)₂, ambayo oksijeni huigeuza kuwa kutu, Fe₂O₃·xH₂O. Kwa maneno mengine, chuma kinaliwa chini, kutu inajikusanya juu. Usipime kishimo kwa upana wa mdomo wake. Mimi nilijifunza hili kwa hela yangu: pikapu yangu ya kwanza niliinunua iking'aa, masika ya kwanza ikavimba ubavuni, na nilipogusa pale kwa bisibisi, bisibisi ikapenya hadi ndani.

Katika (c), mpangilio wa hatua una uzito. Bati hukwanguliwa kupita ukingo wa kutu, hadi kwenye chuma kinachong'aa. Brashi ya waya peke yake hudanganya: hung'arisha juu na kuacha kutu nyeusi chini ya vishimo, kwa hiyo hivyo vichokolewe kwa kitu chenye ncha, au bati lipulizwe mchanga. Likipenya, likatwe na kuchomelewa bati jipya. Puti si kiraka cha tundu. Mabaki ya kutu ndani ya vishimo hupakwa asidi ya fosforiki:

Fe₂O₃ + 2H₃PO₄ → 2FePO₄ + 3H₂O

Fosfeti ya chuma haiyeyuki kwenye maji, tofauti na asidi yenyewe. Asidi iliyobaki huondolewa kama maelezo ya chupa yanavyosema, kisha bati hukaushwa kabisa, kwa sababu asidi ikiachwa tabaka la juu halitashika. Bila kuchelewa hupakwa praima ya epoksi inayozuia unyevu, na ikishakauka na kupigwa msasa kidogo ndipo puti inapofuata. Glovu na miwani ni lazima, na barakoa wakati wa msasa.

Ukikosa muda, andika mlinganyo wa asidi pamoja na sababu ya kutanguliza praima. Orodha ya vifaa vya gereji bila sababu haikuletei alama.

Swali la nyongeza. Mlango wa gari una matundu madogo chini ya kutolea maji ya mvua. Matundu hayo yameziba kwa tope, na fundi ametibu kutu ya upande wa nje tu. Kutu mpya itaanzia upande gani wa bati, na kwa nini? (alama 3)