Kumsaidia Mzee Asimame Tena

Somo letu safari hii linahusu jambo linalogusa nyumba nyingi hapa Musoma, na vivyo hivyo Bunda na Butiama. Mzee ameugua, ameruhusiwa kutoka hospitali, amerudishwa nyumbani. Je, sisi wa nyumbani tumtunze namna gani?

Tuseme ni mama wa miaka 70 aliyepatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vimelegea. Watoto wake wanampenda sana. Wanamlisha, wanamvika, wanambeba. Akitaka kuinuka wanamwambia, "Tulia, mama, sisi tupo." Baada ya miezi sita hawezi hata kukaa peke yake. Kiharusi kilichukua nguvu za upande mmoja. Nguvu za upande wa pili zimepotea kwa kulala.

Basi tushike neno hili: kumtunza mzee si kumfanyia kila kitu, bali ni kumsaidia afanye mwenyewe kile anachokiweza, na kesho aongeze kidogo.

Sababu yake ni hii. Kiharusi huumiza sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba, ama kwa mshipa kupasuka. Ubongo waweza kujifunza tena, lakini hujifunza kwa kurudia. Miezi ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa, ingawa hata baadaye mtu huweza kuendelea. Haba na haba hujaza kibaba.

Tufanyeje nyumbani?

1. Kabla ya kutoka hospitali, mwombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo awaonyeshe mazoezi yanayomfaa mgonjwa wenu. Mfanye mbele yake, awasahihishe.

2. Kuinuka. Mpeni kiti kigumu chenye mikono, si kigoda. Arudishe miguu nyuma kidogo, ainame mbele, ndipo asimame. Msaidizi akae upande ulio dhaifu. Msimvute kwa mkono uliolegea, maana bega lake laweza kuteguka.

3. Kuvaa. Mkono dhaifu huingia kwanza katika nguo, na wakati wa kuvua hutoka mwisho. Mwacheni ajaribu, hata akitumia nusu saa.

4. Kutembea. Fimbo ishikwe kwa mkono wenye nguvu. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono anaposimama wima. Ondoeni mawe na ndoo njiani, na chooni fungeni mti imara wa kushikilia.

5. Kula. Akae wima, ale polepole, tonge dogo dogo. Akipaliwa mara kwa mara, mrudisheni kwa daktari upesi.

6. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda.

7. Dawa za shinikizo la damu zisiachwe kwa sababu tu anajisikia vizuri. Na mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Kuna kikwazo kimoja, nacho ni maneno ya watu. Jirani akimwona bibi anachambua dagaa kwa mkono mmoja au anamenya viazi, atasema, "Wanamtesa mzee wao." Wengi wetu huogopa aibu hiyo, tukamrudisha bibi kitandani. Lakini mwulizeni mwenyewe. Mzee anayengoja mtoto mchanga wa jana aje kumwosha, hulia moyoni. Kazi ndogo humrudishia heshima yake. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama akalima shamba lake, na hakuna aliyesema kwamba ameteswa.

Tena mzigo huu usimwangukie binti mmoja. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kwamba familia ndiyo tegemeo la kwanza la matunzo ya mzee. Haikusema mtu mmoja wa familia. Wana wa kiume nao wajifunze kumwinua baba. Wajukuu wamsindikize hadi mwembeni na kurudi. Nasi majirani tukienda kumwona mgonjwa, tusikae tu na kusikitika. Tumwachie binti yake nafasi ya kulala saa moja, nasi tutembee na mzee hatua kumi.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, tunasoma habari za Ainea wa Lida, aliyelala kitandani miaka minane. Petro alimwambia ainuke, na tena ajitandikie mwenyewe. Hakuitwa mwingine kumtandikia.

Maswali ya kuzungumzia:

1. Ni mambo gani tunamfanyia mzee wetu ambayo angeweza kuyafanya mwenyewe?

2. Katika mtaa wetu, ni nani anayemtunza mgonjwa peke yake, nasi tumsaidie siku gani?