Dondoo muhimu: Kifuko cha kuegemezea kitako cha bunduki milimani

Anayewinda elki katika milima ya Rocky, Marekani, hubeba kila kitu mgongoni, hivyo kifuko kizito cha mchanga cha uwanja wa shabaha hakimfai. Lakini asiache kuegemeza kitako. Ikiwa miguu ya mbele ya bunduki iko sentimita 70 kutoka kwenye kifuko, kitako kikicheza milimita 1 tu, risasi huhama zaidi ya sentimita 40 kwenye umbali wa mita 300. Mnyama huweza kujeruhiwa tu, akaenda kufa kwa mateso porini.

Chagua kifuko kilichojazwa punje nyepesi za plastiki. Za povu ni nyepesi zaidi, ila hubonyea upesi. Kisijazwe mpaka kikakaza, maana kazi yake ni kubinywa: ukikibinya, kitako hupanda na mdomo wa mtutu hushuka, ukilegeza mkono, mtutu hupanda. Kitambaa kisinywe maji, kwani kikilowa huganda kwa baridi.

Kijaribu kifuko ukiwa umelala kifudifudi kwenye mteremko, si juu ya meza. Koti lililokunjwa hutosha kwa shabaha ya karibu. Kwa mbali silishauri kabisa.