Mashine ya Kuhifadhi Data Iliyotumika: Uliza Leseni Kabla ya Bei

Mwongozo huu ni wa watunza hazina, mafundi wa kompyuta na wajumbe wa bodi za SACCOS, AMCOS, shule na zahanati, mjini Moshi na mlimani kuanzia Machame hadi Rombo, walioletewa profoma ya mashine ya kuhifadhi data iliyotumika, iwe imetoka Dar es Salaam au imepitia mpaka wa Holili.

Anayenunua pikipiki bila kadi anajua anachokosa. Kwenye mashine hizi kadi haionekani. Unacholipia ni chuma: kasha, diski, kontrola na vifaa vya umeme. Programu iliyomo ndani, kwa kawaida, hata mmiliki wa kwanza hakuuziwa. Alipewa ruhusa ya kuitumia, na masharti ya ruhusa hiyo ndiyo yanayoamua kama inaweza kuhamia kwako. Ni kama kuuziwa mibuni ya kihamba na mtu mmoja huku ukoo haujaulizwa.

Watengenezaji hawafanani. Wapo wanaofunga leseni kwenye namba ya siriali na kukataa isihamishwe kabisa. Wapo wanaokubali baada ya mnunuzi kulipa ada na mashine kukaguliwa upya. Leseni ya Windows Server iliyokuja na seva kutoka kiwandani hubaki na seva hiyo, na leseni za watumiaji huhesabiwa kando.

Mashine kuwaka mbele yako si ushahidi. Itawaka, itafungua faili, kumbe uwezo wa kurudufu data kwenda tawi jingine umefungwa, na masasisho ya usalama hayashuki kwa sababu kwenye vitabu vya mtengenezaji ile namba bado ni ya kampuni nyingine.

Kwa hiyo dai namba ya siriali ya kasha na ya kila kontrola, kisha mwandikie mtengenezaji au wakala wake wewe mwenyewe. Usimwachie muuzaji kazi hiyo. Uliza kama leseni inahamishika, ni zipi hasa, kwa ada gani, na kama mmiliki wa kwanza anatakiwa kutoa barua ya kuiachia. Jibu liwe la maandishi na liambatanishwe kwenye mkataba. Ujumbe wa WhatsApp wa dalali hautoshi. Mimi ningezuia sehemu ya malipo hadi leseni isome jina la taasisi yenu.

Muuzaji wa Ulaya anaweza kukutajia hukumu ya UsedSoft dhidi ya Oracle, iliyotolewa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya tarehe 3 Julai 2012. Ni kweli iliruhusu kuuza tena leseni isiyo na kikomo cha muda, mradi muuzaji asibaki na nakala inayotumika. Lakini haizifungi mahakama za Tanzania. Hapa programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na atakayeulizwa ni anayezitumia.

Jibu likiwa hapana, biashara haijafa, ila bei iwe ya chuma. Kasha la diski lisilo na akili yake lenyewe linaweza kuunganishwa na seva ya kawaida yenye Linux au TrueNAS, kwa matoleo yasiyodai ada ya leseni. Tahadhari: diski nyingi zilizotoka kwenye mashine kubwa zimepangwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512, na seva ya kawaida haitaweza kuzitumia mpaka zipangwe upya, kazi ya saa kadhaa. Fundi ajaribu diski moja kabla hamjanunua 24.

Limebaki suala la data ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na diski zenye majina ya wagonjwa wa hospitali fulani si za kuchungulia. Dai tamko la maandishi kwamba zimefutwa, kisha zifute tena. Ila msikimbilie: katika baadhi ya mashine, programu endeshi na funguo za leseni hukaa kwenye diski hizohizo. Fundi atunze kwanza nakala ya funguo, leseni ithibitishwe, ndipo afute.