Somo la Afya: Kulegeza Mgongo Msimu wa Palizi

Palizi hutulazimu kushinda tumeinama na jembe. Misuli ya kiuno ikikaa katika hali moja kwa saa nyingi hukaza na kuuma. Kulala kitandani siku kutwa hakuiponyi. Huilegeza mwendo mpole wa mwili.

Jioni, lala chali mkekani, magoti yakiwa yamekunjwa, kiganja kikiwa tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 3, tumbo liinuke. Itoe polepole ukihesabu hadi 5. Rudia mara 6. Kisha, kila utoapo pumzi, vuta goti moja kuelekea kifuani, ulirudishe, ubadilishe mguu. Mara 5 kila upande. Usijilazimishe, maumivu yakizidi, acha. Shambani nako, simama wima na ujinyooshe kila umalizapo matuta machache.

Mjamzito aulize kwanza kliniki. Mwenye homa, miguu isiyo na nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia haja, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, asianze mazoezi haya: awahi kituo cha afya siku hiyo hiyo.