Msuguano katika Matairi ya Gari Linaloserereka

Katika mchezo wa kuserereka kwa magari, uliokua Japani tangu miaka ya 1970, magurudumu ya nyuma huteleza makusudi huku ya mbele yakiongoza. Kwa hiyo dereva anayeanza hufunga mbele matairi yanayoshika vizuri, na nyuma yale ya mpira mgumu, ambayo huteleza kwa urahisi na hayaliki upesi. Msuguano hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto; mpira hulainika na kuchunika, na mgandamizo wa hewa iliyomo huongezeka. Basi upepo hupimwa kabla na baada ya kila zamu. Nyuzi za ndani zikionekana, tairi hilo halifai tena: laweza kupasuka na kumpotezea dereva uongozi wa gari.

Swali: Kwa nini matairi hudumu zaidi juu ya uwanja uliomwagiwa maji?