Punda, Nyumbu na Punda Milia: Jina na Jinsi

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Pumwani hata Dandora na Kayole, neno punda halikosekani vinywani. Punda ni yule avutaye mkokoteni wa maji mifereji ikaukapo. Punda ni mtumishi achoshwaye asilipwe. Punda ni yule amezaye dawa za kulevya apate kupita nazo uwanja wa ndege. Hata mistari myeupe ya kuvukia barabara nayo yaitwa punda milia. Neno limebebeshwa mizigo mingi kama mwenyewe.

Hatuna ugomvi na lugha. Ugomvi wetu ni na mtu atoaye hukumu kwa jina tupu. Wako wasemao: punda ni haramu, na punda milia ni punda, basi naye ni haramu. Punda aliyekatazwa siku ya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, ni punda wa nyumbani. Punda wa mwituni wanavyuoni walio wengi wamemhalalisha, na punda milia hutiwa katika fungu lake. (Wala mtu asishike upinde: Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977.)

Basi jinsi moja ya mnyama hujulikanaje? Kanuni itumiwayo zaidi ni kuwa wazaane wao kwa wao, na watoto wao nao wazae. Ndani ya chembe za mwili mna nyuzi ndogo zibebazo urithi, ziitwazo kromosomu. Farasi ana 64, punda 62, na punda milia wa mbuga zetu 44. Nyumbu, mtoto wa punda dume na farasi jike, hupata 63. Nyuzi zake hazipatani wawili wawili, na kwa hiyo ni tasa, ila kwa nadra sana. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, alimwandikia nyumbu kitabu kizima. Sisi tumempa jina moja na yule mnyama wa pembe wa Maasai Mara, asiyehusiana na punda hata kidogo! Wazee wa pwani walimwita baghala, na lile jahazi kubwa la baghala lasemekana kupata jina lake hapo.

Farasi, punda na punda milia asili yao ni ukoo mmoja, uliokuwako zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita. Kundi likigawanyika, likatengwa na bahari au jangwa au mlima, kila upande huzuka mabadiliko madogo ya urithi. Yafaayo mahali pale huenea, yasiyofaa hupotea, na mengine hubaki kwa bahati tu. Vizazi maelfu kwa maelfu vikipita, hata wakikutana tena uzazi wao haupatani. Hivyo ndivyo jinsi mpya itokeavyo, na kwa kawaida si kwa mnyama mmoja kuzaa kioja.

Twasema haya kwa sababu ya habari ya Chyulu. Mwaka 2019 punda milia jike alitoka Tsavo Mashariki akaishi na ng'ombe wa wanakijiji. Akahamishiwa Chyulu, na mwaka 2020 akaonekana na mtoto mwenye mwili wa punda na miguu ya mistari. Baba yake alikuwa punda wa kufugwa. Wako waliodhani kuwa mnyama mpya amezuka duniani. La. Mtoto wa wazazi kama hao hutarajiwa kuwa na kromosomu 53, na kuwa tasa kama nyumbu. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafii, aliyezaliwa na halali na haramu hufuata haramu.

Lakini mimea ina mambo yake. Zamani ngano yenye kromosomu 28 ilichanganyika na nyasi za mwitu zenye 14. Zao likawa na 21, nalo lingalikuwa tasa, ila kromosomu zake zikajirudia, zikawa 42, kila moja ikapata mwenzake. Jinsi hiyo mpya ndiyo ngano ya chapati zipikwazo kila jioni Majengo.